SDR Nyingi, Masafa Yaleyale: Dalili za Kugongana na Jinsi ya Kuzitatua

Kuweka transmita kadhaa kwenye masafa yaleyale si kosa. Meli zinazoingia Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar hutangaza mahali zilipo kupitia AIS kwenye masafa mawili tu, 161.975 na 162.025 MHz. Katika kila moja, dakika imekatwa vipande 2,250 vya takriban milisekunde 26.7. Mfumo huo unakwenda kwa sababu kila chombo kinaijua saa kwa kuangalia GPS. SDR nne (redio zinazoendeshwa kwa programu ya kompyuta) zilizowekwa mezani hazina saa ya pamoja mpaka uzipe, na hapo ndipo matatizo mengi yanayosemwa ni ya "redio mbovu" yanapoanzia. Ukikuta SDR zinagombana, shuku saa kwanza.

Mifano humu inatumia mpangilio mmoja: transmita nne kwenye 433.92 MHz, GMSK (namna ya kubeba biti kwa kubadilisha masafa kidogo) ya biti 9,600 kwa sekunde, duru ya milisekunde 100 yenye zamu nne za milisekunde 25. Katika kila zamu, 23 ni za kutuma na 2 ni pengo la usalama. Mpangilio wako ukiwa tofauti, badilisha hesabu, dalili hazibadiliki.

## Kabla ya kugusa chochote

Andaa kipokezi cha kuchunguzia ambacho hakimo katika mtandao wako. RTL-SDR, kipokezi kidogo cha USB, yenye TCXO (kioo cha saa, yaani kristali, kinachofidia joto) ya 1 ppm (sehemu moja kwa milioni) inatosha. Tafuta pia atenyueta (vipunguza nguvu) mbili za 30 dB, mzigo bandia (unaomeza nguvu badala ya antena) wa ohm 50 kwa kila transmita, na nyaya fupi za SMA unazoziamini.

ONYO: usichomeke waya moja kwa moja kutoka tundu la kutuma hadi tundu la kupokea. B210, SDR ya familia ya USRP, hutoa zaidi ya 10 dBm (kipimo cha nguvu), na upande wake wa kupokea hautakiwi kuzidi −15 dBm. HackRF One, SDR nyingine, hufika 15 dBm kwenye baadhi ya masafa, na kikomo chake cha kupokea ni −5 dBm. Weka 30 dB kama kiwango cha chini kabisa. Kwa RTL-SDR weka 60 dB, maana hujaa na kudanganya kabla haijaungua.

Fanya majaribio yote ya mwanzo kwa waya. Hewani ni suala la kibali: 433.05–434.79 MHz ni bendi ya ISM katika Kanda ya 1 ya ITU, ambamo Afrika imo, lakini nguvu inayoruhusiwa na masharti mengine huwekwa na kila nchi. Tanzania waulize TCRA, Kenya waulize Mamlaka ya Mawasiliano.

Rekodi sekunde tano za hali ilivyo kabla ya kurekebisha chochote:

`rtl_sdr -f 433620000 -s 1000000 -g 20 -n 5000000 kabla.bin`

Masafa ya katikati yamesogezwa 300 kHz makusudi, ili doa la katikati la kipokezi lisikae juu ya ishara yako. Fungua faili hilo kwenye Inspectrum au uchore ukubwa wa sampuli dhidi ya muda kwenye GNU Radio. Utaona matofali manne yakirudiarudia. Kila dalili iliyo hapa chini ina sura yake kwenye mchoro huo, na ukiuangalia kwanza utaokoa saa nyingi za kubahatisha.

## Dalili: inafanya kazi vizuri mwanzoni, kisha pakiti zinaanza kufa

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Dakika ya kwanza kila kitu safi, baadaye transmita mbili zinaanza kuharibiana, kisha baada ya muda zinapona zenyewe, halafu zinaharibiana tena. Ukiangalia mchoro, tofali moja linasogea polepole kuelekea la jirani.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba kila SDR inahesabu zamu kwa kioo chake yenyewe. Kioo cha HackRF One kina ustahimilivu wa ±20 ppm, yaani kinaweza kukosea mikrosekunde 20 kila sekunde. HackRF mbili zikikosea pande tofauti, zinaachana kwa mikrosekunde 40 kila sekunde, na pengo lako la milisekunde 2 linaliwa lote ndani ya sekunde 50. B210 ina TCXO ya ±2 ppm, kwa hiyo mbili zinaweza kuachana kwa mikrosekunde 4 kila sekunde; pengo lilelile litadumu kama dakika nane. Ndiyo maana mtu hupima dakika mbili, akaridhika, akaondoka.

Ukaguzi rahisi: washa transmita mbili tu, rekodi mwanzoni, kisha rekodi tena baada ya dakika tano. Pima umbali kati ya mwanzo wa tofali la kwanza na la pili katika rekodi zote mbili. Umebadilika? Ni saa. Haujabadilika? Ruka dalili hii.

Tiba nyepesi ni kuzipa SDR zote kioo kimoja. Kwa HackRF, toa waya kutoka CLKOUT ya kwanza uingize CLKIN ya pili, na CLKOUT ya pili kwenda CLKIN ya tatu. Kisha thibitisha kwa `hackrf_clock -i`. Kuna jambo linalowakwaza wengi hapa: HackRF huhamia saa ya nje pale tu kutuma au kupokea kunapoanza. Ukichomeka waya katikati ya kazi, hakuna kinachobadilika mpaka usimamishe na kuanza upya. CLKIN inataka wimbi la mraba la 10 MHz kati ya volti 0 na 3.3, usizidishe, na usiiletee volti hasi. Chanzo cha maabara kinachotoa wimbi la sine linalopanda na kushuka kupita sifuri kinaweza kuiua pembejeo hiyo.

Kwa USRP, ingiza 10 MHz na PPS (pigo moja kila sekunde) kutoka chanzo kimoja, kisha uite `set_clock_source("external")` na `set_time_source("external")`. Usiishie hapo. Soma kihisi cha `ref_locked`; kikisema si kweli, SDR inaendelea kutumia kioo chake bila kelele yoyote na wewe utadhani umemaliza.

Ikiwa SDR ziko majengo tofauti, waya hausaidii. Tumia GPSDO (saa inayorekebishwa na GPS) kila mahali. Moduli ya bei nafuu ya GPS kama NEO-6M hukupa PPS nzuri, lakini haikupi 10 MHz: saa inajua sekunde imeanza lini, ila kioo bado kinakimbia katikati ya sekunde. Kwa zamu za milisekunde hilo linavumilika kabisa, mradi programu ipange upya mwanzo wa duru kila PPS inapofika badala ya kuhesabu sampuli tangu asubuhi.

Chanzo cha nadra zaidi: kioo kinachopata joto. Boksi likipigwa na jua la mchana au feni ikizibwa na vumbi, kioo huhama hata kama asubuhi kilikuwa sawa. Acha vifaa viwake nusu saa kabla ya kupima, na usipime ukiwa umefungua kifuniko ambacho kazini kitafungwa.

## Dalili: transmita moja imepishana na wenzake kwa sekunde 1 kamili

Pakiti zinatoka, wakati wake ndani ya duru ni sahihi kabisa, lakini namba ya duru inatofautiana na ya wengine, au transmita inaanza sekunde nzima kabla ama baada ya wenzake. Kwa mpangilio wa duru ya milisekunde 100 hutaona mgongano wowote. Kwa mpangilio wenye duru ndefu, mathalani sekunde 4, transmita mbili zitakaa zamu moja milele.

Chanzo ni karibu kila mara kimoja: `set_time_next_pps` iliitwa PPS ikiwa karibu kufika. SDR ya kwanza ikakamata mapigo haya, ya pili ikakamata yanayofuata. Tiba ni utaratibu wa hatua tatu. Soma `get_time_last_pps` kwa kurudiarudia mpaka thamani ibadilike. Hapo unajua mapigo yametoka kupita na una karibu sekunde nzima mbele yako. Ndipo uite `set_time_next_pps` kwa SDR zote. Subiri zaidi ya sekunde 1, kisha soma `get_time_last_pps` kwa kila moja. Namba lazima zilingane.

SDR zikiwa kwenye kompyuta tofauti, kila kompyuta lazima ijue sekunde inayokuja inaitwaje. Hapo NTP (saa inayoletwa na mtandao) inatosha: kazi yake ni kuitaja sekunde, na PPS ndiyo inayoonyesha inapoanza. Angalia kwa `chronyc tracking`. Tofauti ikiwa chini ya milisekunde mia moja hivi, uko salama. Usijaribu kuendesha zamu zenyewe kwa NTP ya intaneti peke yake. Hukosea kwa milisekunde kadhaa, na mtandao wa simu ukielemewa hukosea zaidi, wakati pengo lako lote ni milisekunde 2.

Ukitumia GPSDO yenye kihisi, soma `gps_locked` kabla ya kusoma `gps_time`. Antena ya GPS iliyowekwa dirishani chini ya paa la bati huona satelaiti chache na hupoteza mshiko. Itoe nje ione anga.

## Dalili: skrini inajaa herufi U au L, au mwanzo wa pakiti umekatwa

UHD, programu inayoendesha USRP, inakuambia tatizo lenyewe kwa herufi. `U` maana yake sampuli hazikufika kwa wakati na SDR ikabaki bila cha kutuma. `L` maana yake amri ilifika baada ya muda uliopangwa kupita. Pakiti hiyo hutupwa. Kwa hiyo `L` moja ni zamu moja iliyopotea, wala si onyo la kupuuza.

Ukiona `L`, kagua kwanza unapanga mapema kiasi gani. Watu huandika "sasa + milisekunde 2" na kompyuta haiwezi. Anza na milisekunde 100 mbele, hakikisha `L` zimekwisha, kisha punguza taratibu mpaka zirudi, na uongeze akiba mara mbili ya hapo. Kwenye GNU Radio muda huwekwa kwa tagi ya `tx_time` juu ya sampuli ya kwanza ya pakiti, ikiwa na sekunde nzima na sehemu ya sekunde zikiwa mbali mbali. Kuzichanganya kuwa namba moja ya desimali ni kosa la mara kwa mara.

`U` inayotokea mwishoni mwa kila pakiti, mara moja tu na kwa mpangilio, ni kitu kingine: umesahau `tx_eob`, kwa hiyo SDR haijui pakiti imeisha na inaendelea kudai sampuli. Ama weka tagi ya mwisho, ama tumia tagi ya urefu wa pakiti kwenye bloku ya kutuma. Chagua njia moja, usizichanganye.

`U` za ovyoovyo ni kompyuta. Kagua kwa mpangilio huu: waya umeingia tundu la USB 3 kweli? Kuna SDR mbili kwenye kitovu kimoja cha USB? Laptopu inaokoa umeme? Weka `performance` kwenye usimamizi wa prosesa, punguza kasi ya sampuli, funga kivinjari. Ishara ya 9,600 haihitaji sampuli milioni 10 kwa sekunde.

Kwa HackRF hali ni ngumu zaidi, na ni vizuri kuikubali mapema. Sampuli zake husafiri kwa mafungu ya baiti 262,144, na yanapangwa manne. Kwa kasi ya sampuli milioni 2 kwa sekunde, fungu moja ni milisekunde 65.5 na foleni nzima ni zaidi ya milisekunde 260. Huwezi kuiambia kutoka kwenye kompyuta ianze zamu ya milisekunde 25 kwa usahihi. Kinachowezekana ni kuandaa faili la duru nzima, na sifuri kwenye zamu za wengine, kulicheza kwa kurudia:

`hackrf_transfer -t duru3.bin -f 433420000 -s 2000000 -a 0 -x 10 -R -H`

`-R` hurudia faili bila kikomo, na `-H` huisubirisha HackRF mpaka ipate mapigo kwenye pini yake ya kichocheo. Ukiwa na saa moja kwa zote kama ilivyoelezwa juu, na mapigo mamoja ya kuanzia, zamu zinakaa mahali pake. Faili lazima liwe na urefu kamili: duru ya milisekunde 100 kwa kasi hiyo ni sampuli 200,000, baiti 400,000. Likizidi sampuli kumi, kila duru inateleza mikrosekunde 5, na ndani ya dakika moja, ambayo ina duru 600, umeteleza milisekunde 3. Sura yake inafanana kabisa na kioo kibovu, na wapo wanaonunua kioo kipya kabla ya kupima faili kwa `ls -l`.

Mwanzo wa pakiti ukikatwa bila herufi yoyote, angalia amplifaya ya nje. Inahitaji muda wa kuamka baada ya kuwashwa. Pima kwenye mchoro inachukua muda gani kufikia nguvu kamili, kisha weka biti za utangulizi zinazofunika muda huo.

## Dalili: wimbi bebezi halizimi hata zamu ikiwa ya mtu mwingine

Kwenye onyesho la maporomoko utaona mstari mwembamba usiokatika katikati ya masafa, na kipokezi kinalalamika kuwa kelele iko juu muda wote. Zima transmita moja baada ya nyingine. Mstari utashuka hatua kwa hatua.

Osileta ya ndani, inayotengeneza masafa ya kutuma, inavuja. SDR inapotuma sifuri haijanyamaza: sakiti ya kutuma imewaka na sehemu ya osileta inapenya hadi kwenye antena. Transmita nne zikicheza sifuri kwenye zamu za wenzao, kuna mawimbi bebezi matatu ya wengine juu ya kila pakiti. Kwa kipokezi kilicho mbali na mtumaji lakini karibu na wale walionyamaza, uvujaji huo unaweza kuzidi ishara yenyewe.

Tiba ya kwanza ni kuihamisha osileta pembeni. Ndiyo maana amri ya juu ina 433.42 badala ya 433.92: ishara imezungushwa kidijitali 500 kHz ndani ya faili, na uvujaji unabaki 433.42 ambako hakuna anayesikiliza. Kwenye UHD andika `tune_request(433.92e6, 500e3)`. Hakikisha mahali uvujaji unapohamia bado pamo ndani ya bendi unayoruhusiwa.

Tiba ya pili, kwa USRP, ni kufunga kila pakiti kwa `tx_eob` ili swichi ya kutuma izimike kweli kati ya zamu. Ya tatu ni swichi ya RF ya nje inayoendeshwa na pini ya GPIO.

Kama mstari unaambatana na mabega mapana pande zote mbili za ishara, hilo ni jambo jingine: sampuli zako zimefika kileleni na zinakatwa. Shusha ukubwa hadi 0.7 ya kikomo, kisha shusha pia gain (ukuzaji wa ishara).

## Dalili: transmita moja inamezwa daima

Transmita ya pili haisomeki kamwe wenzake wakiwepo, lakini peke yake inasomeka vizuri. Zamu zimekaguliwa na hazigusani.

Angalia ni nani anayetangulia zamu yake. Kama ni jirani mwenye nguvu, shuku udhibiti wa gain wa kipokezi. Kinajishusha kwa ajili ya ishara kubwa, halafu kinachelewa kupanda kwa ajili ya ndogo. Zima gain ya kujiendesha, weka ya mkono. Ukaguzi wa dakika mbili: badilishana zamu za transmita mbili. Tatizo likihamia kwa aliyekaa nyuma ya jirani mkubwa, umelipata.

Likibaki kwa transmita ileile, linganisha nguvu. Kwenye anga wazi, anayekaa mita 10 kutoka kwa kipokezi anasikika 40 dB juu ya anayekaa kilomita 1 kwa nguvu sawa. Hapo hata mkia mdogo wa zamu ya karibu unafunika mwanzo wa zamu ya mbali, kwani mifumo ya FM na GMSK humpokea mwenye nguvu na kumfuta dhaifu. Shusha wa karibu kwa atenyueta mpaka wote wafike ndani ya 10 dB hivi. Kuongeza amplifaya kwa wa mbali ndilo wazo la kwanza la wengi, nalo huleta harmoniki na bili ya joto bila kutibu chanzo.

Chanzo cha mwisho ni masafa yenyewe. 20 ppm kwenye 433.92 MHz ni karibu 8.7 kHz. Kwa chaneli ya 12.5 kHz, transmita hiyo iko kwa jirani. Pima kila moja peke yake kwenye kipokezi kilekile na uandike tofauti kwa hezi. Saa ya pamoja ikishafungwa, tofauti hizo hutoweka zenyewe.

## Dalili: kila mmoja anasikiliza kwanza, na bado wanagongana

Ikiwa huna zamu bali kanuni ya "sikiliza, kukiwa kimya tuma", kwanza pima muda kati ya kusikia kimya na kuanza kutuma. Kwa SDR inayopitia bafa za kompyuta, muda huo unaweza kuwa makumi ya milisekunde, mrefu kuliko pakiti nzima. Unachosikia ni habari ya zamani. Ukifika hapo, mfumo wako unakuwa sawa na ule wa ALOHA, mtandao wa redio uliowashwa Hawaii mwaka 1971, ambao kinadharia haupitishi zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wa chaneli. Kuanzia kila pakiti kwenye mpaka wa zamu kunapandisha kikomo hicho hadi karibu asilimia 37, bila kumgawia mtu zamu maalumu.

Kama unatumia modemu ya KISS (itifaki ya redio za pakiti), kagua namba mbili. `Persistence` ya kawaida ni 63, yaani nafasi ya robo ya kutuma kila kukiwa kimya. Kwa vituo kumi iweke karibu na 25. `SlotTime` ya kawaida ni 10, yaani milisekunde 100. Isiwe fupi kuliko muda uliopima hapo juu.

Ukishafanya hayo na vituo viwili bado vinagongana, simama mahali pa kimoja na usikilize kingine. Huenda kilima au jengo limekaa kati yao, na kila mmoja anaona kimya. Hakuna kizingiti kinachotibu hilo. Inua antena, au hamia kwenye zamu.

## Dalili: zote zinatuma ujumbe mmoja kwa pamoja, na kuna mahali pasiposikika

Sogeza kipokezi kiasi cha shubiri mbili, ishara inarudi. Sogeza tena, inapotea. Kwenye 433.92 MHz urefu wa wimbi ni sentimita 69, na mawimbi ya nguvu sawa hufutana kila nusu yake, karibu sentimita 35. Hilo ni la maumbile, wala hakuna kilichoharibika. Ziachanishe transmita kwa hezi chache ili mahali pa ukimya pasitulie, au tofautisha nguvu zake.

Pakiti zikiharibika eneo kubwa, si shubiri, hesabu ucheleweshaji. Biti moja ya 9,600 ni mikrosekunde 104, na mawimbi husafiri kilomita 1 kwa mikrosekunde 3.3. Tofauti ya umbali ikifika kilomita 8, umekula robo ya biti. Televisheni ya DVB-T2 hukwepa hili kwa alama ndefu zenye pengo: kwa 32K yenye pengo la 1/8 kwenye chaneli ya 8 MHz, pengo ni mikrosekunde 448, sawa na kilomita 134. GMSK haina pengo hilo, kwa hiyo chelewesha transmita ya karibu kwa makusudi.

## Transmita mbili, antena moja

Usitumie T (kiunganishi cha njia tatu). Nguvu ya mmoja inaingia ndani ya mwenzake, inachanganyika na kutoka tena ikiwa uchafu. Filta hazisaidii kutenganisha kwa sababu masafa ni yaleyale. Kama wanapokezana zamu, tumia swichi ya RF. Kama wanatuma pamoja, tumia kiunganishi cha haibridi, ukijua kwamba nusu ya nguvu ya kila mmoja huishia kwenye mzigo wake; mzigo huo ulingane na nguvu hiyo.

## Simamisha kazi na mwite mtaalamu ikiwa

Amplifaya inachemka mkono usiweze kukaa, au nguvu inayorudi imepanda ghafla. Zima kwanza, kebo iliyokatika au antena iliyolegea huua transista za mwisho kwa sekunde chache.

Unaona ishara yako kwenye 867.84 MHz au 1301.76 MHz, na filta ya kupitisha chini yenye mpaka karibu na 500 MHz haijaizima. Fundi mwenye spektramu analaiza iliyopimwa ndiye atakayesema kiasi gani kinatoka.

Kuna chochote chako kati ya 108 na 137 MHz, bendi ya ndege, au kwenye masafa mawili ya AIS. Hapa hakuna kupima kidogo zaidi. Zima zote, ondoa antena, na usirudi hewani mpaka chanzo kijulikane kwa waya na mzigo bandia.

Kazi inahitaji kupanda mnara, kugusa umeme wa gridi, au kuweka kinga ya radi. Hizo ni kazi za watu wenye mikanda, leseni na bima.

Mamlaka imekupigia simu. Zima, andika muda, masafa na nguvu uliyokuwa ukitumia, na uwape rekodi zako za `rtl_sdr` jinsi zilivyo.